Nyara za vita: Kurejeshewa mali au kuazimwa?

MWAKA 2024 mji wa Kumasi, makao ya ufalme wa Asante nchini Ghana, ulipokea dhahabu yake mara mbili. Mwezi Februari, Makavazi ya Fowler ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, yalimkabidhi Asantehene Otumfuo Osei Tutu II vitu 7 vya kifalme, vikawa mali yake moja kwa moja. Miezi michache baadaye vilifika vingine 32 kutoka London: 17 vya Victoria and Albert Museum (V&A) na 15 vya British Museum. Navyo viliwekwa katika Makavazi ya Kasri la Manhyia, na umma ukafurika kuvitazama. Hata hivyo, hati iliyoandamana navyo ilisema jambo jingine kabisa. Vitu hivyo vimeazimwa kwa miaka 3, muda unaoweza kurefushwa kwa miaka mingine 3, kisha virudi London.

Asili ya makundi hayo mawili inakaribiana mno. Februari 1874 jeshi la Uingereza, chini ya uongozi wa Sir Garnet Wolseley, liliingia Kumasi, likapora kasri la Asantehene Kofi Karikari, likalilipua kwa baruti na kuuteketeza mji. Waasante wakatozwa fidia ya wakia 50,000 za dhahabu. Yaani aliyevamiwa ndiye aliyetakiwa kulipia gharama za kuvamiwa kwake. Baadhi ya vitu vilivyotoka Los Angeles viliporwa siku hizo, na vingine vilitolewa kulipia fidia hiyo. Vile vya London navyo, vingi vyavyo vilitokana na vita hivyo na msafara wa kijeshi wa 1896 ambao ulimtia mbaroni Asantehene Prempeh I. Tofauti iliyopo ni jina la mwenye mali lililoandikwa kwenye karatasi.

Hapo ndipo kwenye kiini cha mzozo, na inafaa msomaji apatazame kwa makini kwa kuwa lugha ya taarifa za habari aghalabu hupafunika. Anayeandika kwamba dhahabu imerejea Kumasi amesema kweli. Anayeandika kwamba imerejeshwa amesema jambo ambalo London haijalikubali. Kiswahili kina neno mwafaka la kueleza kilichofanyika, nalo ni kuazima: kupewa kitu ukitumie, kisha ukirudishe kile kile kwa mwenyewe. Anayepokea kwa kuazima huwa amekiri, atake asitake, kwamba mwenyewe ni yule aliyempa. Labda ndiyo maana mkataba wa Kumasi ulifikiwa na Kasri la Manhyia, wala si serikali ya Ghana.

Bunduki kwanza, mnada baadaye

Wengi hudhani kwamba nyara hizi zilichukuliwa na askari wachache waliokosa nidhamu katika fujo za vita. Haikuwa hivyo. Katika jeshi la Uingereza la karne ya 19 uporaji ulikuwa na utaratibu wake: maafisa maalumu walikusanya mali ya adui aliyeshindwa, ikapigwa mnada, na fedha zilizopatikana zikagawanywa miongoni mwa wanajeshi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Ethiopia. Mfalme Tewodros II alimwandikia Malkia Victoria barua mwaka 1862, na asipojibiwa akawazuilia Wazungu kadhaa, akiwemo konsuli wa Uingereza, Charles Duncan Cameron. Jeshi la watu wapatao 13,000 likatumwa kutoka India chini ya Sir Robert Napier, pamoja na ndovu 44 wa kukokota mizinga mlimani. Tarehe 13 Aprili 1868 ngome ya Maqdala ilitekwa. Tewodros, aliyekuwa amekwisha kuwaachilia mateka wake, alijiua kwa bastola ambayo Malkia huyo huyo alikuwa amemtumia kama zawadi.

Mali iliyotolewa Maqdala ilibebwa na ndovu 15 na nyumbu karibu 200 hadi uwanda wa Dalanta. Huko mnada ulifanyika kwa siku 2 na kuingiza takriban pauni 5,000. Miongoni mwa wanunuzi alikuwamo Richard Holmes wa British Museum, ambaye aliandamana na jeshi hilo rasmi. Kwa maneno mengine, makavazi hayo hayakuletewa nyara na watu wa kupita. Yalikuwa na mtu wao mnadani. Vilipelekwa Uingereza mamia ya miswada ya ngozi, misalaba, taji na kikombe cha ibada cha dhahabu, mavazi ya kifalme, na hata mtoto. Mwanamfalme Alemayehu, mwenye umri wa miaka 7, alichukuliwa pamoja na vitu hivyo. Alifariki mwaka 1879 akiwa na miaka 18, akazikwa Windsor. Ombi la Ethiopia la kupewa mabaki yake lilikataliwa tena mwaka 2023, kwa hoja kwamba kaburi haliwezi kufukuliwa bila kusumbua mabaki ya wengine waliozikwa hapo.

Inasemwa mara nyingi kwamba si haki kuwahukumu watu wa zamani kwa maadili ya leo. Hoja hiyo ingekuwa na uzito iwapo watu wa zamani wenyewe hawangeona tatizo. Mwaka 1871 Waziri Mkuu William Gladstone alisimama katika Bunge la Uingereza akasikitika waziwazi kwamba vitu vya Maqdala viliwahi kuletwa, na akapendekeza vihifadhiwe tu hadi vitakapoweza kurudishwa. Mwaka uliofuata Mfalme Yohannes IV aliandika akiomba viwili: kitabu cha Kebra Nagast na picha takatifu ya Kristo iitwayo Kwer'ata Re'esu. Kitabu alipewa, kwa vile British Museum ilikuwa na nakala 2. Kuhusu picha aliambiwa kwamba haijulikani iliko. Ukweli ni kwamba Holmes alikuwa ameichukua na kuiweka nyumbani kwake. Baadaye iliuzwa, na hadi leo haijarudi Ethiopia.

Aidha, si kweli kwamba kurudisha nyara ni wazo la karne hii. Napoleon aliposhindwa mwaka 1815, washindi, Waingereza wakiwamo, walihakikisha kwamba kazi za sanaa ambazo majeshi yake yalikusanya kutoka Ulaya zinarudi kwao. Hilo lilitokea zaidi ya nusu karne kabla ya Maqdala.

Sheria inayofunga mikono

British Museum inapoombwa vitu hivi hujibu kwamba mikono yake imefungwa, na kisheria hilo si uongo. Sheria ya mwaka 1963 inayoisimamia inawaruhusu wadhamini wake kuachia kitu katika hali chache tu: kikiwa na nakala pacha, kikiwa kimeharibika, au kikiwa hakifai tena kuhifadhiwa humo na kuondolewa kwake hakutawadhuru wanafunzi na watafiti. V&A nayo imefungwa na sheria ya mwaka 1983. Mwaka 2005 mahakama ya London iliamua kwamba hata wadhamini wakihisi wana deni la kimaadili, hawawezi kulilipa kwa kuivunja sheria hiyo. Kesi yenyewe ilihusu michoro iliyoporwa na Wanazi.

Lakini sheria hutungwa na watu. Mwaka 2009 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria nyingine ili makavazi ya kitaifa yaweze kurudisha mali iliyoporwa na Wanazi. Mlango ulifunguliwa kwa kundi moja la waliodhulumiwa, ukafungwa kwa wengine. Isitoshe, kati ya 1950 na 1972 British Museum yenyewe iliuza zaidi ya vipande 30 vya shaba vya Benin kwa maelezo kwamba vilikuwa na nakala pacha. Baadhi ya vipande hivyo vilinunuliwa na Nigeria, ambayo ililazimika kutoa fedha ili ipate sehemu ya kile kilichoporwa kwake.

Iko pia hoja ya usalama, kwamba Afrika haitaweza kuvitunza vitu hivi. Haiwezi kupuuzwa, maana wizi katika makavazi upo kote. Ila imekuwa vigumu kuitoa kwa sauti kubwa tangu Agosti 2023, British Museum ilipotangaza kwamba vitu vyake vimeibwa, vingine vikiharibiwa au kupotea. Idadi ilikadiriwa kuwa karibu 2,000.

Benin: Anapaswa kupokea nani?

Benin inayotajwa hapa ni ufalme wa kale wa Waedo ulioko kusini mwa Nigeria, wala si Jamhuri ya Benin, nchi jirani iliyoitwa Dahomey hadi mwaka 1975. Magazeti huchanganya mambo haya mara kwa mara.

Januari 1897 kaimu konsuli James Phillips alifunga safari kuelekea mji wa Benin ilhali alikuwa ameombwa asubiri, kwa kuwa Oba Ovonramwen alikuwa katika sherehe za kidini. Msafara wake ulishambuliwa njiani na Wazungu 2 tu wakanusurika. Wapagazi wengi Waafrika waliuawa pia. Mwezi uliofuata Uingereza ilituma kikosi cha kulipiza kisasi. Mji ulitekwa, kasri likateketea na Oba akahamishiwa Calabar, alikofia mwaka 1914. Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama kisasi tu. Kinachoachwa nje ni barua ya Phillips ya Novemba 1896, wiki kadhaa kabla ya shambulio, akiomba ruhusa ya kumng'oa Oba na kueleza matumaini kwamba pembe za ndovu zitakazopatikana katika kasri zitatosha kulipia gharama.

Sanamu, vichwa vya shaba na pembe zilizochongwa kutoka kasri hilo zimetapakaa duniani. Orodha ya Digital Benin iliyozinduliwa mwaka 2022 ina zaidi ya vitu 5,000 vilivyomo katika taasisi 131 za nchi 20. British Museum pekee ina takriban 900.

Kuanzia mwaka 2021 ukuta ulianza kupasuka. Oktoba mwaka huo Chuo Kikuu cha Aberdeen kilikabidhi kichwa cha Oba, na Jesus College ya Cambridge ikatoa jogoo wa shaba aliyekuwa pambo la ukumbi wake wa chakula. Mwaka 2022 Horniman Museum ya London, isiyobanwa na sheria ya 1963, iliihamishia Nigeria umiliki wa vitu 72. Smithsonian ya Marekani ikarudisha 29. Mnamo Juni 2025 Uholanzi ilikabidhi 119.

Hatua ya Ujerumani ndiyo iliyogeuza meza. Mwaka 2022 mamlaka ya makavazi ya Berlin iliihamishia Nigeria umiliki wa vitu 512. Karibu thuluthi moja ya vitu hivyo ilibaki Berlin, lakini sasa Wajerumani ndio walioazima, kwa miaka 10, kwa idhini ya mwenye mali. Mtazamaji anayeingia ukumbini Berlin huona vitu vile vile alivyoviona zamani. Kwake hakuna kilichobadilika. Kwa Benin kimebadilika kila kitu. Yeyote anayehofia kwamba kurudisha umiliki kutaziacha kabati za Ulaya tupu aanze kwa kuutazama mkataba huo.

Hata hivyo, mwenye mali ni nani hasa? Machi 2023 Rais Muhammadu Buhari, akikaribia kuondoka madarakani, alitoa amri kwamba vitu vyote vya Benin vinavyorudishwa ni mali ya Oba Ewuare II. Kwa miaka kadhaa Oba alikuwa akizozana na gavana wa Jimbo la Edo, Godwin Obaseki, kuhusu vitu hivyo viwekwe wapi: katika makavazi ya kifalme au katika makavazi mapya yaliyopangwa kujengwa kwa ufadhili kutoka ng'ambo. Amri hiyo iliwashtua waliokuwa wakijiandaa kukabidhi, na Chuo Kikuu cha Cambridge kiliahirisha hafla yake ya kutoa vitu 116. Novemba 2025 wafuasi wa Oba waliingia kwa nguvu katika uwanja wa makavazi hayo mapya, yaitwayo MOWAA, wageni walipokuwa wakitembezwa humo kabla ya kufunguliwa rasmi. Ufunguzi uliahirishwa.

Wapinzani wa urejeshaji hufurahia sana habari za aina hii. Mimi sioni zinawasaidia nini. Ndugu wawili wakigombania shamba la baba yao, aliyelivamia shamba hilo hapati hatimiliki kwa sababu ya ugomvi wao.

Swali zito zaidi limetoka kwingine. Shaba nyingi iliyoyeyushwa kutengeneza sanamu hizo iliingia Benin ikiwa na umbo la bangili, manila, ambazo wafanyabiashara wa Ulaya walizitumia kununua bidhaa, na watumwa wakiwamo. Mwaka 2022 kundi la Wamarekani wenye asili ya Afrika lilikwenda mahakamani kuizuia Smithsonian isivikabidhi vitu vyake, likisema kwamba wajukuu wa waliouzwa nao wana haki juu yake. Halikufaulu kuzuia, lakini hoja yake haijajibiwa ikaridhisha wote, na haitajibiwa kwa kunukuu hatia za mwaka 1897 peke yake.

Ufaransa ilikuwa na ukuta wake, kanuni kwamba mali ya makavazi ya taifa haiondoki kamwe. Mwaka 2016 ilitumia kanuni hiyo kuikatalia Jamhuri ya Benin hazina ambazo Jenerali Alfred Dodds alizitwaa katika vita vya Dahomey, kasri la Abomey lilipotekwa mwaka 1892. Mwaka 2017 Rais Emmanuel Macron alitoa ahadi mjini Ouagadougou, mwaka 2020 bunge likatunga sheria mahususi, na Novemba 2021 vitu 26 vikarudi. Bunge likitaka, kumbe inawezekana.

Fuvu la Mkwawa, fimbo za Koitalel

Afrika Mashariki ina ushahidi wake, na umo katika mkataba mashuhuri wa amani. Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyewapiga vita Wajerumani kwa miaka 7, alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliiamuru Ujerumani kuikabidhi Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa katika muda wa miezi 6. Kifungu kinachotangulia, cha 245, kiliiamuru irudishe kwa Ufaransa nyara na kazi za sanaa zilizochukuliwa katika vita vya 1870 na 1871.

Tuitazame miaka hiyo kwa utulivu. Maqdala ilitekwa 1868 na Kumasi 1874. Vita vya 1870 vimo katikati. Uingereza ilitia sahihi mkataba unaosema kwamba nyara za wakati huo zirudishwe zikiwa zimechukuliwa na Mjerumani, huku za kwake zikiendelea kuonyeshwa London. Yaliyoandikwa kuhusu Mkwawa yenyewe yalichelewa miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alikwenda Bremen, akachagua fuvu moja kwa kulinganisha vipimo vya mafuvu na vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, na mwaka 1954 likapelekwa Kalenga, Iringa, lilipo hadi leo.

Huenda mtu akauliza kwa nini Ethiopia haikukubali haraka V&A ilipozungumzia kuiazima hazina za Maqdala kwa muda mrefu mwaka 2018. Baadhi ya vitu hivyo havivumilii neno hilo. British Museum ina tabot 11, nyingi zikitoka Maqdala. Tabot ni kibao kitakatifu kinachowakilisha Sanduku la Agano, na bila hicho kanisa la Kiothodoksi la Ethiopia si kanisa. Haziruhusiwi kuonekana na yeyote asiye kasisi wa kanisa hilo, na makavazi hayo yanaliheshimu katazo hilo: zimefungiwa chumbani, hazionyeshwi, hazipigwi picha, wala wasimamizi wenyewe hawazitazami. Ni vigumu kueleza mtafiti gani angedhurika zikiondoka. Kanisa moja la Edinburgh lilipoigundua tabot kabatini mwake liliirudisha mwaka 2002. Westminster Abbey nayo ilikubali mwaka 2024, kimsingi, kuirudisha iliyomo katika madhabahu yake moja.

Kenya inadai pia. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Tana River, ilitwaliwa na maafisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20 na imo katika ghala la British Museum. Haikutekwa vitani, lakini sheria inayoizuilia ni ile ile ya 1963.

Kwa Wanandi ilikuwa vita. Tarehe 19 Oktoba 1905 Orkoiyot Koitalel arap Samoei alikwenda kukutana na Kapteni Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani akauawa hapo hapo. Meinertzhagen alidai kwamba alishambuliwa kwanza. Wanandi husema alimpiga risasi Orkoiyot wakipeana mkono. Tume za jeshi zilimwondolea lawama, ingawa mwaka uliofuata aliondolewa nchini. Fimbo 3 za uongozi za Koitalel alikwenda nazo Uingereza. Zilibaki mikononi mwa familia yake, si katika makavazi ya taifa, na kwa hiyo mwaka 2006 hapakuhitajika sheria kubadilishwa wala mkataba wa kuazima kuandikwa. Familia ilizitoa, zikarudi, na sasa zinahusishwa na makavazi yenye jina lake mjini Nandi Hills. Kichwa chake, ambacho Wanandi wanashikilia kwamba kilikatwa na kupelekwa Uingereza, bado wanakidai.